Mbwa Asiye na Daftari

Huku Bahati, kwenye miinuko ya kaskazini mwa Nakuru, ng'ombe akianza kulia na kupanda wenzake alfajiri, mwenye boma hangoji. Hupiga simu kabla ya chai. Mhimilishaji hufika kwa pikipiki, mtungi wa naitrojeni umefungwa nyuma kwa mpira, na kabla hajavaa glavu maswali huwa yameanza. Fahali huyu ni yupi? Mama yake alikamuliwa lita ngapi? Ndama wake huzaliwa wakubwa kiasi gani, maana huyu wangu bado ni mtamba? Na hakikisha si yule yule aliyemzaa yeye. Majibu huandikwa kwenye daftari la shule lililokunjamana, lenye alama za vidole na samadi, nalo hurudishwa kabatini, palipo na hatimiliki ya shamba.

Hatua kumi kutoka hapo amefungwa mbwa. Ndiye anayemlinda ng'ombe huyo usiku. Muulize mwenye boma baba wa mbwa huyo ni nani, atakuonyesha barabara kwa mkono.

Ni pengo hilo la hatua kumi lililonifanya niandike. Bonde hili limejua kwa zaidi ya miaka mia moja kwamba afya ya mnyama huanza kabla hajazaliwa, katika uamuzi wa nani apandishwe na nani. Limejua hivyo kwa ng'ombe, kwa kondoo, kwa farasi. Kwa mbwa, elimu hiyo haikuvuka ua, na mbwa wetu wanaendelea kulipa.

Mbwa si mgeni Afrika, ila alikawia kufika kwetu. Mifupa yake nchini Misri ina umri wa zaidi ya miaka 6,000, lakini safari yake ya kuja kusini ilikuwa ya polepole mno. Wapo wachimbuaji wa mambo ya kale wanaotoa sababu inayoniridhisha: magonjwa. Ukanda wa mbung'o na kupe ulisimama mbele yake kama ukuta. Malale humuua mbwa. Homa za kupe humuua vilevile. Waliovuka ni wale ambao miili yao ilistahimili, kisha watoto wao, kisha wajukuu. Hapakuwa na mtu aliyekaa akawachagua. Aliyechagua ni kupe.

Nje kidogo ya mji wa Nakuru, pale Hyrax Hill, na pia Lanet, bado yanaonekana mashimo ya Wasirikwa ambamo mifugo ilifungiwa usiku karne nyingi zilizopita. Kila ninaposimama ukingoni mwa shimo mojawapo humuwaza mlinzi wa mlangoni, mwenye masikio yaliyosikia fisi kabla ya watu kusikia. Upande wa magharibi, katika msitu wa Mau, Waokiek walikwenda na mbwa mawindoni, na mbwa mvivu au mgonjwa hakulishwa kwa huruma hadi azae. Huo nao ulikuwa uteuzi, mkali na usioandikwa. Ukatuachia mnyama mwembamba, mwenye manyoya mafupi na kifua kirefu, anayekula kidogo na kuzaa bila msaada. Leo tunamwita mbwa koko, na neno hilo tunalitamka kama tusi.

Halistahili kuwa tusi. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini, kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wengi wao, hasa walio mbali na njia za walowezi, walikuwa wazao wa mbwa wa kale wa bara hili, si mabaki ya mbwa wa Ulaya waliozagaa. Katika damu yao mlikuwa na utofauti mwingi wa jeni, kuliko ule wa mbegu zilizofungiwa na vyama vya wafugaji wa mbwa. Mbwa koko ana ukoo. Ila hana karatasi ya kuuonyesha.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na nyuma ya reli walikuja walowezi na mbwa wao. Mmarekani tajiri Paul Rainey alileta kundi zima la mbwa wa kuwinda dubu kutoka Mississippi mnamo 1911, pamoja na mkufunzi wao Er Shelley, ili kuwafukuza simba. Baadaye akawa na shamba kando ya Ziwa Naivasha. Mwandishi Karen Blixen alipofika mwaka 1914 alikuja na mbwa mrefu wa Scotland wa kuwindia kulungu. Huko Njoro, katika shamba la baba yake mwandishi Beryl Markham, aliyekuwa akifuga farasi wa mbio, alikuwapo mbwa aitwaye Buller, chotara wa aina mbili za Kiingereza ambaye hakufanana na aina yoyote kati ya hizo mbili. Usiku mmoja chui alimchukua. Buller alirudi hai. Nimempenda mbwa huyo tangu nilipomsoma, na nimeona jambo ambalo mwandishi wake hakuhitaji kulitaja: kwenye shamba ambako kila farasi alijulikana baba na mama hadi vizazi vingi nyuma, mbwa aliyepambana na chui alikuwa mwana wa bahati nasibu.

Walowezi walijifunza ufugaji hapa kwa hasara. Lord Delamere alipoteza mifugo mingi Njoro kwa magonjwa na kwa malisho yasiyo na madini, ndipo akaanza kupandisha kondoo dume wa Merino kwa kondoo jike wa Wamaasai, apate sufu ya mmoja na ustahimilivu wa mwingine. Mwaka 1920 kikaanzishwa Kitabu cha Nasaba cha Kenya, ambacho hadi leo hutunzwa na shirika la wafugaji wenye ofisi zao hapa hapa Nakuru. Mwaka 1946 kikaja kituo cha uhimilishaji Kabete. Huko ndiko lilikotoka daftari lenye samadi la Bahati.

Kitabu hicho kilikuja na uchungu wake, nao sitaupita kimya. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 maskwota wa Bonde la Ufa waliamriwa kupunguza na kuondoa mifugo yao kwenye mashamba ya walowezi. Wenyewe waliipa operesheni hiyo jina la Kiswahili: kifagio. Sababu zilizotajwa zilikuwa magonjwa na hofu ya damu kuchanganyika. Nyuma yake ilikuwepo hofu ya mkulima Mwafrika anayejitegemea. Kwa hiyo babu zetu walipokutana na wazo la mbegu safi kwa mara ya kwanza, walikutana nalo likiwa limeshika ufagio. Sishangai kwamba hadi leo wazee wengine husikia neno nasaba na kugeuza uso.

Halafu ikaja Hali ya Hatari mwaka 1952, na mbwa wa kufuata nyayo wakapelekwa misituni kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Naamini hapo ndipo picha ya mbwa ilipobadilika vichwani mwetu. Mbwa wa maana akawa mbwa wa askari: mkubwa, mkali, mwenye masikio yaliyosimama. Walowezi walipouza mashamba na kuondoka, Bahati ikakatwa vipande vya ekari mbili, tano, kumi, na kila kipande kikahitaji mlinzi. Mbwa wa Kizungu na mbwa koko wakakutana bila lango kati yao. Kilichobaki cha enzi ile ni kupenda ukubwa. Daftari halikurithiwa.

Na huko lilikotoka daftari la mbwa, je, lilifanya kazi njema?

Maonyesho ya kwanza rasmi ya mbwa yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwaka 1859, na chama cha kuandikisha mbwa wa nchi hiyo kikaundwa London mwaka 1873. Vitabu vya nasaba vikafungwa: mtoto huandikwa tu ikiwa wazazi wake wote wawili wameandikwa. Mwaka 1899 afisa wa Kijerumani Max von Stephanitz alimnunua mbwa mmoja, akamwita Horand von Grafrath, akamweka wa kwanza katika kitabu cha German Shepherd. Damu ya Horand ikarudishwa tena na tena ndani ya wazao wake, maana ndivyo mbegu ilivyokazwa haraka wakati ule. Kusini mwa bara letu, mjini Bulawayo, mwaka 1922 wafugaji waliandika vigezo vya mbwa wa kuwinda simba mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, yule anayeitwa Rhodesian Ridgeback. Mstari huo ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Watoto waliozaliwa bila mstari wengi waliuawa, kwa kuwa hawakutimiza kitabu.

Mwaka 2007 wanasayansi waligundua kwamba jeni zinazoleta mstari huo ndizo zinazomweka mtoto katika hatari ya kuzaliwa na tundu linaloingia kutoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo, ambalo huoza na kumtesa. Asiye na mstari alikuwa salama zaidi. Kwa miongo mingi waliua wazima ili kuhifadhi alama ya ugonjwa. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Agosti 2008 filamu moja ya BBC iliwaonyesha Waingereza mbwa wenye vyeo waliokuwa wakiteseka kwa sababu ya umbo walilozalishwa nalo, na shirika hilo likaacha kutangaza maonyesho makubwa ya Crufts. Mwaka uliofuata chama cha London kikakataa kuandikisha watoto wa mama na mwanawe, wa baba na bintiye, wa ndugu na nduguye. Fikiria hilo: hadi 2009 jambo ambalo mama mfugaji wa Kabazi hamruhusu fahali wake kulifanya, lilikuwa likipigwa mhuri. Daftari linaweza kuponya na linaweza kuua. Inategemea linaandika nini: rangi na mataji, au nyonga, macho na sababu za kifo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani, Congo. Katika misitu ya huko wapo mbwa wadogo wenye masikio ya wima na mkia uliojisokota, wasiobweka kama wengine, ambao jike wao kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Wawindaji huwavalisha kengele ili wajulikane walipo vichakani. Wazungu waliwaita Basenji. Wawili walipelekwa Uingereza mwaka 1895, wakafa kwa distempa, ugonjwa ambao miili yao haikuujua. Mwaka 1937 ndipo wengine wakaweza kuishi na kuzaa huko. Baadaye Marekani ikawatambua. Lakini wote waliotokana na safari hizo walikuwa wajukuu wa mbwa wachache mno, na katika wachache hao mlijificha jeni moja mbaya. Ilipokutana na mwenzake, figo za mbwa, akiwa amekomaa na mara nyingi ameshazaa, zilianza kuvujisha sukari na chumvi za mwili hadi akafa. Ugonjwa huo huitwa Fanconi.

Kilichofuata kinastahili kusomwa polepole na kila mwenye jike. Wafugaji wa Marekani walikubali kwamba kitabu chao kimekuwa gereza. Mwaka 1987 na 1988 baadhi yao walisafiri hadi kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, wakaenda vijijini kwa wawindaji, wakaomba na kununua mbwa. Mwaka 1990 kitabu kilichofungwa kikafunguliwa, na mbwa 14 wapya wakaandikwa. Yaani mbwa wa kijiji, asiye na karatasi, aliitwa kuja kuokoa wenye karatasi. Kisha maabara ya Chuo Kikuu cha Missouri ikaleta kipimo cha vinasaba, cha awali mwaka 2007 na cha uhakika 2011. Anayebeba jeni moja tu haugui. Akipandishwa na asiyebeba, hakuna mtoto atakayeugua. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuuawa wala kutupwa. Ilitosha kujua, kuandika, na kutomkutanisha mbebaji na mbebaji.

Kwetu Bahati adui wa kwanza wa mbwa bado ni maradhi ya kuambukiza. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, serikali ilipoandika mpango wake wa kukitokomeza kufikia 2030, makadirio yalikuwa kwamba kinaua hadi watu 2,000 kila mwaka nchini, wengi wao watoto. Kukikomesha kunahitaji mbwa 7 katika kila 10 wawe wamechanjwa. Hapa ndipo uzalishaji holela unapogeuka suala la uhai wa binadamu: ukichanja mbwa wote wa kijiji mwezi Machi, na majike yakazaa bila mpango, na wazee wakafa mapema kwa njaa na kupe, kufikia Machi nyingine nusu ya mbwa unaokutana nao njiani hawajawahi kuona sindano. Jike aliyefungwa kizazi na kuishi miaka kumi ana faida kwa chanjo kuliko majike matano yanayopishana kaburini.

Distempa nayo haikai nyumbani. Mwaka 1994 iliingia Serengeti na kuvuka hadi Maasai Mara, ikaua takriban theluthi moja ya simba wa huko, kama 1,000. Watafiti waliufuatilia mkondo wake hadi kwa mbwa wa vijiji vya pembezoni. Mtoto wa mbwa aliyenyimwa chanjo anaweza kuwa mwanzo wa msiba wa simba.

Pavo, ugonjwa mwingine wa virusi unaoua watoto wa mbwa, ni ya juzi. Haikuwapo duniani kabla ya miaka ya 1970. Mwaka 1978 ikatambuliwa, ikitokana na virusi vya paka, na ndani ya miaka miwili ikawa imezunguka dunia. Mimi niliijua kwa njia mbaya. Nilinunua mtoto wa German Shepherd mjini, wiki tano tu, tumbo limejaa minyoo nikadhani ni afya. Aliyeniuzia alisema ameshachanjwa. Siku ya tatu alitapika. Siku ya nne alihara damu yenye harufu ambayo bado naikumbuka. Usiku huo akafa mikononi mwa mwanangu. Daktari wa mifugo alinieleza nilichopaswa kuuliza. Mtoto hulindwa kwanza na kinga ya maziwa ya mama, na kinga hiyo hupungua kwa siku isiyojulikana. Ikiwa bado ina nguvu, huizuia chanjo isishike. Ikiisha, mlango u wazi. Ndiyo maana chanjo huanza wiki ya sita au ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Sindano moja ya wiki ya tano, hata kama kweli ilidungwa, haikuwa ngao. Tena virusi hivyo hukaa udongoni miezi mingi, kwa hiyo nililazimika kuosha saruji kwa dawa ya klorini na kukaa karibu mwaka mzima bila mtoto mwingine. Na mama yake je, alichanjwa kabla ya kupandishwa? Sikuuliza. Ng'ombe ningemuuliza.

Biashara ya watoto wa mbwa imekua sana hapa. Dume kubwa la German Shepherd, Rottweiler au Boerboel huletewa majike kutoka Dundori hadi Subukia, na mwenye dume hulipwa fedha au kupewa mtoto mmoja wa kuchagua. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Lakini nimeona majike yakipandishwa kwenye joto la kwanza, yangali na miezi minane, mifupa haijakomaa. Nimeona joto baada ya joto bila kupumzika, chuchu zikiburuta chini. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na wepesi huo umewadanganya wengi kwamba haina gharama kwa mwili wa mama.

Dume hilo halipigwi eksirei. Kulegea kwa kiungo cha nyonga, ambapo kichwa cha paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, hurithiwa kupitia jeni nyingi kwa pamoja na huzidishwa na kunenepeshwa utotoni. Mbwa huonekana mzima kabisa akiwa na mwaka mmoja. Ndiyo maana taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1966 kupima nyonga haitoi cheti cha mwisho kabla ya miezi 24. Dume la miezi kumi na moja linalosifiwa barabarani kwa ukubwa wake linaweza kuwa limeshawapa watoto 40 maumivu ambayo yataonekana mwenye dume akiwa ameshalipwa na kusahau.

Wala halikaguliwi sehemu za siri. Upo uvimbe mwekundu unaovuja damu, unaofanana na koliflawa, ambao mbwa huambukizana kwa kupandana. Si virusi. Ni chembe hai za saratani zenyewe zinazohama kutoka mwili hadi mwili, zote zikitokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Dawa ya vinkristini, sindano moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, huuponya mara nyingi. Mwenye macho na dakika mbili angeuzuia kabla ya kumfungulia jike lango.

Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imetaja mbwa: kutoa leseni za mbwa ni kazi ya kaunti. Nilifurahi siku nilipoisoma sentensi hiyo. Leseni inaweza kubaki risiti ya kodi, au inaweza kuwa ukurasa wa kwanza wa kile ambacho ng'ombe wa Nakuru walipewa mwaka 1920. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kinafundisha madaktari wa mifugo; maduka ya dawa za mifugo yako kila kituo cha matatu. Kalamu ndiyo haijashikwa.

Mwezi uliopita nilianza na wa kwangu. Ni jike la kahawia, nusu mbwa koko, aliyeletwa na jirani ndani ya kikapu. Nilifungua daftari la ng'ombe, nikaligeuza, nikaanzia nyuma. Nikaandika jina lake, mwezi aliokuja, tarehe ya chanjo ya kichaa, tarehe ya dawa ya minyoo, homa ya kupe aliyougua Aprili na dawa iliyomponya. Mama: mbwa wa jirani, bado hai, amezaa mara tano, hajawahi kuchechemea. Kisha nikaandika mstari wa mwisho, nikauacha wazi kwa muda, mwishowe nikaujaza kwa neno moja. Baba: hajulikani.